Kabla Hujatia Saini

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto, na ziwakute nyote wazima. Natumaini mgongo wako umetulia tangu uliposhusha lile jokofu la mwenye bucha peke yako, na kwamba wifi amefaulu kukulaza chini walau siku mbili. Najua hakufaulu. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, naenda kazini. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nikuandikie kwa mkono badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatiza mara mbili tu, nami ningeishia kukuuliza habari za mvua. Nakuomba uketi mahali pa utulivu, uisome barua hii yote kabla ya Jumatano, kabla hujaingia mbele ya kamati ya kituo cha afya kutia saini maelezo yako.

Chumba cha mama bado kiko vilevile. Nakifagia, nafungua dirisha asubuhi na kulifunga jioni. Juzi nilikuta kwenye mfuko wa sweta lake vipande vitatu vya sabuni vilivyokonda, amevifunga kwenye karatasi ya daftari. Unakumbuka hakuwahi kutupa kipande cha sabuni. Alikuwa anavibandika kimoja juu ya kingine mpaka tunaoga na sabuni yenye mistari, wewe unanuna kwamba inakukwaruza. Nimeviacha mfukoni. Sikuweza kuvitumia, na kuvitupa ndiyo kabisa.

Siku ile ya msiba uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu ovyo, kwamba ni mambo ya makaratasi. Inabidi nikueleze vizuri, kwa sababu bila hilo hutaelewa ninachotaka kukuambia.

Kuna vituo vya afya ambavyo siku hizi havimwachii daktari mmoja mgonjwa mmoja. Wanafanya kazi kama timu: daktari, muuguzi, mtoa dawa, mtu wa mapokezi, na yule anayewatembelea wagonjwa majumbani. Kila asubuhi wanasimama kuzunguka meza moja kwa dakika kumi, kila mmoja anamtaja mgonjwa anayempa wasiwasi, kisha wanagawana nani afanye nini. Ofisi yetu inachunguza kama mpango huo unafanya kazi. Hatuhesabu waliopona, wapo wengine wa kuhesabu. Sisi tunawakalisha wahudumu mmojammoja, tunawasha kinasa sauti, tunawauliza wanavyoishi na kazi hiyo: nani humwambia nani nini, nani humwogopa nani, kitu gani hupotea katikati. Kisha mazungumzo yote yanaandikwa neno kwa neno na kusomwa mara nyingi.

Mimi, ambaye shule yangu iliishia sekondari na niliingia pale kama karani wa kupiga chapa, ndiye mratibu. Napanga nani aende kituo kipi, natafuta chumba kisicho na mlango unaogongwagongwa, nahakikisha kila anayehojiwa ametia saini fomu ya ridhaa, na kila jina limeondolewa na kuwekewa namba. Fomu ile inamwahidi mtu kwamba atakachosema hakitamrudia. Ahadi hiyo huninyima usingizi, kaka. Nimewahi kurudi ofisini kutoka kituo cha basi kwa sababu nilihisi sikufunga kabati la fomu. Nililikuta limefungwa. Nikalifungua, nikalifunga tena.

Mama alikuwa anaicheka kazi hii. Kituo alichotibiwa yeye ni cha mtindo huo huo, naye akirudi kliniki alinisimulia kama mtu aliyetoka kutazama mpira. Mmoja amempima, wa pili ameandika, wa tatu amemuuliza kama amekula, wa nne amempa dawa. Halafu ananiuliza, wa tano yuko wapi, aje anifungie viatu? Alisema hivyo na kwao pia, mbele yao, nao walicheka. Muuguzi mmoja aliinama kweli akamfunga kamba. Mama alirudi nyumbani siku hiyo hataki kuvua viatu.

Kituo cha mama kilipoingia kwenye orodha yetu, nilianza mwenyewe kupanga siku za mahojiano nao. Waliahirisha mara mbili, wana wagonjwa wengi. Baadaye nilimwendea mkuu wetu nikamwambia mama yangu anatibiwa pale, haifai mimi nikae nao. Alikubali mara moja. Kituo kikakabidhiwa kwa mwenzangu tunayemwita Bwana Betri, kwa jinsi anavyokagua betri za kinasa sauti kama mtu anayekagua tairi kabla ya safari. Orodha inayoonyesha namba ipi ni ya kituo kipi ilifungiwa kwenye droo ya mkuu. Niliomba mwenyewe nisiione.

Sasa nayarudia unayoyajua, univumilie. Jumatano ile mama alitolewa damu kwa sababu daktari alikuwa amembadilishia dawa ya presha. Majibu yalitoka Alhamisi mchana, yakaonyesha figo zimechoka na chumvi moja ya damu imepanda hadi kiasi kinachoweza kusimamisha moyo. Ilitakiwa aitwe siku hiyohiyo. Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi kitandani anatafuta kitambaa chake, aliniita mara moja tu, na nilipofika alikuwa ameshaegemea ukuta.

Tulipopewa ile karatasi ya majibu, ukaisoma kwa sauti mlangoni, ukafika kwenye tarehe, niliona uso wako ukibadilika. Tangu siku hiyo umekuwa mtu wa malalamiko yale. Sikulaumu. Umefunga duka siku saba kwa ajili ya hilo, umekwenda kituoni mara nne. Wakakuonyesha daftari la ufuatiliaji, limeandikwa kwamba aliyetajwa kwenye faili la mama amepigiwa simu, bila saa, bila kueleza zaidi. Uliniambia uliwajibu kwamba kuandika ni kazi nyepesi, hata kesho mtu anaweza kuandika ya jana. Na kwa maelezo yako, muuguzi wa ufuatiliaji, yule ambaye kazi yake ni kuwatafuta wagonjwa majibu yakitoka, amesimamishwa kazi. Jumatano hii utasomewa maelezo, utatia saini, na kamati ikiyakubali atafukuzwa na hataajiriwa tena mahali pengine kwa kazi hiyo.

Wiki mbili zilizopita, mchana, nilikuwa mezani kwangu nakagua rekodi. Kila rekodi nasikiliza kipande cha katikati na kukilinganisha na kilichoandikwa. Kwenye karatasi moja mpiga chapa alikuwa ameandika kwamba hapo mshiriki anacheka. Nikasikiliza. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, na hakikuwa kicheko. Mtu alikuwa anajaribu kuendelea kuzungumza. Kisha akataja maneno ya mgonjwa mmoja wa kike, mtu mzima, aliyependa kuwauliza wa tano yuko wapi aje amfungie viatu.

Tulikuwa tumeficha majina vizuri mno, kaka. Tumefuta jina la kituo, la mtaa, la kila mtu, mpaka hapakubaki kitu ambacho kingemwonya yeyote asinipe mimi karatasi ile.

Kwa utaratibu wetu, ukitambua habari ya mtu unayemjua unavua vifaa vya masikioni palepale, unamkabidhi mwingine. Mimi ndiye niliyeandika sharti hilo kwenye mwongozo, kwa herufi nzito. Sikuvua. Niliirudisha mwanzo nikasikiliza dakika arobaini na mbili, hadi pale Bwana Betri anaposema ahsante na kuzima. Alikuwa ni nani, alisema nini juu ya siku zile, sitakuambia, na naomba usinikisie wala usiniulize. Hata hili la kwamba nilisikia, nimekuandikia baada ya kumwomba mkuu ruhusa, naye akasema niishie hapo.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo kukiri kwamba nimevunja sharti. Hakunigombeza. Aliandika kosa langu kwenye jalada, akaniondoa kwenye rekodi zote za kituo kile, akafunga mlango. Unajua watu wa vitabu, huanza mbali. Yeye alikwenda moja kwa moja. Alisema, "Ulichosikia humu si chako, hutatoka nacho kwenye mlango huu. Lakini unachokijua mwenyewe, bila kinasa sauti, hakuna fomu inayokukataza kukisema." Kisha akaniangalia juu ya miwani akaniuliza kama kipo.

Nikasema hakipo. Nikatoka nikaenda kuosha vikombe vya ofisi nzima, hata visivyokuwa vichafu.

Tangu siku hiyo, kila simu inapoita naangalia kwanza ni nani. Nikiona ni wewe, naiacha iite. Umelalamika kwa wifi kwamba nimekuwa mzito kupokea, najua, ameniambia. Nikikutana na mwanamke yeyote aliyevaa sare ya uuguzi barabarani, nabadilisha upande. Juzi nilimwona mmoja dukani ananunua mkate nusu, nikamwachia foleni nikaondoka mikono mitupu, na wala sikumjua. Usiku napanga maneno ya kukuambia, asubuhi yameyeyuka.

Katika mahojiano yote ya vituo vyote, kaka, na hili nina ruhusa ya kulisema maana limo kwenye ripoti, kuna maneno yanayorudi kuliko mengine yote. Watu wanasema, nilidhani mwenzangu ameshafanya. Daktari alidhani muuguzi, muuguzi alidhani mapokezi, mapokezi yalidhani mtembelea wagonjwa. Nimeyapigia mstari maneno hayo kwenye karatasi zaidi ya mia moja kwa kalamu ya rangi, nikijiona mtu mwerevu. Sikujua najipigia mstari mwenyewe.

Walinipigia.

Alhamisi ile, kama saa kumi alasiri, nilikuwa kwenye kituo kingine kabisa tunahoji. Simu zetu huwa kimya wakati wa mahojiano. Nilipotoka nikakuta namba ya kituo cha mama imepiga. Namba hiyo niliihifadhi tangu nilipokuwa nahangaika nao juu ya mahojiano, na kwa hasira za siku hizo niliipa jina la "Waahirishaji". Ndilo lililokuwa kwenye kioo. Nikasema moyoni, hawa tena. Haikunijia hata kidogo kwamba namba yangu iko pia kwenye faili la mama, kwamba kwao mimi ni binti wa mgonjwa kabla ya kuwa mratibu wa chochote. Ijumaa walipiga saa tatu asubuhi. Walipiga tena saa tano na dakika kumi. Kisha ukaja ujumbe: "Tafadhali wasiliana nasi leo. Ni muhimu." Hawakuandika ni habari gani, kwa sababu habari za mgonjwa haziandikwi kwenye ujumbe. Mimi ninayefundisha watu kutunza siri za wagonjwa, sikutambua siri ilipotunzwa kwa ajili ya mama yangu.

Nilichofanya ni hiki. Niliutuma ujumbe ule kwa Bwana Betri, nikaongeza maneno manne: hawa wako sasa, wasikilize. Nikaweka simu kwenye mkoba. Yeye alikuwa safarini, aliwapigia Jumatatu. Jumatatu tulikuwa tumeshamzika mama.

Ijumaa hiyo nilirudi nyumbani mapema. Mama alisema miguu yake ni mizito kama ya kuazima. Nikamwekea kigoda, nikamnyanyulia miguu. Aliniuliza kama wale watu wa damu wameleta majibu. Nikamwambia bado. Akasema basi yatakuwa mazuri, mabaya hayacheleweshwi. Nikacheka naye. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa juu ya meza, na meza unaijua, unainyooshea mkono kutoka pale alipoketi.

Ulipokuwa unasoma karatasi mlangoni, nilielewa yote kabla hujafika mwisho. Kisha ukaweka mkono begani kwangu. Hukuwa unanituhumu. Ulikuwa unataka mtu wa kusimama naye. Ukaniuliza, "Walikupigia?" Nami nikakuambia, "Hawakunipigia."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini nimekuwa na miezi miwili na nusu ya kulifuta neno lile na sikulifuta. Uliporudi kutoka kituoni mara ya kwanza ukaniambia umewaeleza, nilikuwekea chai. Mara ya pili nilikupigia pasi shati. Niliogopa kwamba ukijua, kila utakaponitazama utaiona Ijumaa ile. Mama hayupo, nikafikiri, nikimpoteza na kaka nitabaki na nani. Basi nikamwachia muuguzi nisiyemjua abebe, nikijiambia kwamba kamati itampa onyo tu, kwamba pengine ana kosa lingine. Nilikuwa karibu kuanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Ile rekodi haikunifundisha jambo lolote nisilolijua. Ilinifanya tu nisikie kwamba upande wa pili wa neno langu kuna mtu.

Sikuombi ufute malalamiko. Huenda yapo ya kuuliza pale kituoni: kwa nini simu ikikosa kupokelewa mara tatu hakutumwa mtu hadi nyumbani, wakati mtu wa kutembelea nyumba wanaye. Hilo ni swali la haki, na wewe una haki ya kulisimamia, nami nitasimama nawe ukinikubali. Lakini ile sentensi ya pili ya maelezo yako, inayosema kwamba familia haikupigiwa simu, si yako. Ni yangu. Wewe uliipokea kwangu kwa kuniamini. Naomba usiitie saini.

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, yenye siku, saa, na ujumbe wenyewe kama ulivyo, maana sijaufuta. Kila siku kidole kimefika juu yake na kila siku kimerudi. Bwana Betri ameniandikia yake pia, alilia kuliko mimi, anaona na yeye alichelewa. Nimemwambia kwamba hakuletewa habari ya mgonjwa, aliletewa kero ya kazi, na aliyeileta ni mimi. Maelezo hayo nitayapeleka Jumatatu kwa mkono wangu. Nimetaka tu uyasikie kwangu kwanza, usije ukasomewa na katibu mbele ya watu. Usinipigie kuniomba niyazuie. Najua hutaniomba, wewe si mtu wa hivyo, lakini nimeandika kwa sababu mimi ningetamani uniombe.

Mkuu wetu nimemweleza jana. Alisema nisije kazini hadi kamati imalize, na kwamba baada ya hapo tutaona. Sijui tutaona nini. Nimerudisha ufunguo wa kabati la fomu, na kwa mara ya kwanza sikurudi kuangalia kama limefungwa.

Nisalimie sana wifi, mwambie kanga alizonipa nimezipokea na Mungu amlipe. Watoto waambie shangazi yao anawapenda, na mdogo asiache ile tabia ya kunichorea nyumba zisizo na milango. Mgongo wako uukande kwa maji ya moto, usifanye ubishi.

Jumatano nitafika mapema. Nje ya chumba cha kamati kuna benchi la watu watatu, nitakaa mwisho, upande wa dirishani. Huyo muuguzi naye ameitwa, labda atakaa hapohapo. Ukija utatukuta wawili na nafasi moja katikati. Sikupangii pa kukaa, kaka. Ila usipite bila kutusalimia.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa mama yako